Mpaka Mahakama Iinuke

Muhuri wa Wizara ya Elimu una wino wa zambarau.
Naujua. Mara nne nimeuona ukishuka, pu!
IMEPOKELEWA, juu ya amri ya jaji,
na mara nne karani akanimiminia chai,
akauliza, "Bwana Trilochan, skuta yako bado haijafa?"

Skuta haijafa. Iliyokufa ni amri.
Niliona ilivyozikwa: ndani ya faili,
faili chini ya mafaili,
na feni ya dari ikipepea kona yake moja
kana kwamba angalau yenyewe inaisoma.

"Mjane alipwe kiinua mgongo cha marehemu mumewe
ndani ya siku sitini."
Siku sitini zimezaa miaka kumi na mmoja.
Mama Kuntala Mahapatra huja Cuttack kwa treni ya alfajiri,
na kila nikimfungulia mlango wa mahakama
kiinua mgongo hakijafika
na mgongo umezidi kupinda.

Jumanne aliletwa Katibu mwenyewe, Bwana Rautray,
viatu vikilia sakafuni.
"Uliisoma amri?"
"Inashughulikiwa, Mheshimiwa."
Neno la silabi saba,
na ndani yake hamna mtu.

Jaji akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.
"Umeidharau mahakama. Faini rupia elfu mbili.
Na utaketi humu mpaka mahakama iinuke."

Simu nilimpokonya mimi, kwa adabu.
Akaketi benchi la nyuma, kando ya mama.
Akatazama saa. Akatazama dari. Akatazama saa.
Adhuhuri dereva alichungulia na chakula cha bosi wake;
nikamtikisia kichwa.
Kesi ya ng'ombe ikasikilizwa. Kesi ya ukuta.
Mashahidi wawili wakaapa, mmoja akasahau jina la baba yake.

Mnamo saa tisa Katibu alianza kujipindapinda.
Mama Kuntala, bila kumgeukia, akasema:
"Sogea kidogo, mwanangu. Hapo pana msumari."

Hilo tu.
Miaka yote hiyo yeye huukunjia shali.

Saa kumi na nusu mahakama ikainuka.
Katibu naye akainuka, akishika nyuma ya suruali.
Mama alibaki ameketi; treni yake ni ya usiku.

Fedha hazijalipwa.
Ila leo, kabla sijamaliza kufagia,
aliingia seremala na barua ya Wizara,
wino wa zambarau, neno HARAKA,
akauliza benchi la nyuma ni lipi,
akaung'oa ule msumari.