Rangi Chini ya Kucha

Tulishuka kumi na saba, fulana za rangi ya chungwa,
mgongoni aya, kifuani jina la kanisa letu la Minnesota.
Basi likageuza, likarudi zake bondeni,
likatuacha na masanduku, ndoo za rangi, na ukungu.

Siku tisa. Vijana wapake ukuta wa shule.
Mchungaji Lindgren afundishe nyimbo za kupiga makofi.
Mimi nikapewa beseni, sabuni, mkasi wa kucha:
wewe muuguzi, anza na wadogo.

Wakapanga foleni bila kuambiwa.
Foleni wanaijua.

Wa kwanza Elvira Xol, miaka saba,
sketi ya mama yake imekunjwa mara tatu kiunoni.
Nilimsalimu kwa Kikekchi nilichokariri ndani ya ndege;
maana yake, Je, moyo wako mtamu?
Habari za moyo hakuzijibu.
Aliuliza, kupitia kwa mwalimu Mateo:
"Huyu anaondoka lini?"

Nikainua vidole tisa.
Akavigusa kimoja kimoja, kama mnunuzi wa mayai,
ndipo akanipa mkono wake.

Chini ya kucha nilitarajia udongo.
Nikakuta chembe za buluu, na njano,
na kwenye kidole gumba, kijani kikuukuu.
Nilidhani ni ugonjwa. Ndiyo, mimi, na cheti changu,
niliuinua mkono ule kwenye mwanga, nautafutia jina.

Mateo akacheka kidogo, bila ubaya.
"Anakwangua ukuta. Kila Julai unapakwa upya.
Buluu ni ya wale wa mwaka jana.
Njano ni mwaka wa Karin."
Karin ni nani?
Mateo akamtazama mtoto. Mtoto akatazama beseni.
"Alikuwa akimsuka. Alisema atarudi."

Nikazikata kucha zote kumi, fupi, safi,
kama nilivyofundishwa.

Ukuta, kwa kweli, ulikuwa mzima.
Paa ndilo lililovuja.
Paa halitoki vizuri kwenye picha.

Usiku, tumelala sakafuni mwa darasa,
harufu ikapenya kwenye nyufa za mbao: iliki,
inakaushwa kwenye matanuri huko chini.
Bibi yangu Hjördis aliitwanga kila Krismasi,
akaitia kwenye mikate, akisema inatoka mbali.
Kumbe mbali ndiyo hapa.
Asubuhi nikamwuliza Elvira, anayeichuma na kaka zake:
nyumbani mnaitia kwenye nini?
Akakunja uso. Iliki hailiwi. Iliki inauzwa.

Nimekula vidole vya watoto tangu utoto wangu,
nami nimepanda ndege mbili kuja kuviosha.

Sisemi sabuni ni mbaya.
Rigoberto, sikio lake lilikuwa likitoka usaha,
siku ya sita alinivuta mkono, akaniambia anamsikia jogoo.
Jogoo yule namshukuru Mungu.
Mengine sijui nimshukuru nani, au nimwombe nani radhi.

Siku ya nane ukuta ukageuka chungwa, kama sisi.
Elvira akasimama mbele yake, vidole vyake vimenyooka,
vitupu.

Siku ya tisa, dereva anapiga honi,
alinishika mkono akanipeleka nyuma ya darasa
ambako rangi ilikuwa bado mbichi.
Akaukamata mkono wangu kama mtu anavyokamata kisu,
mkono wenye kucha ambazo siku zote hizo sikuzikata,
akakwangua.
Chungwa. Buluu.
Akakaza.
Njano.

Akaiangalia. Haikuchukua muda.
Kisha akanikunja kidole cha tisa mwenyewe,
taratibu, kama anayefunga mlango penye mtu aliyelala.

Hakuniuliza kama nitarudi.
Neno lilikuwa limeshaiva mdomoni mwangu.
Nikalimeza, na ganda lake.