Mita Tatu za Hewa

Kazi yangu ni kutazama hewa.
Si waya, si nguzo, si Chengo aliye juu ndani ya ndoo
na kofia ya njano aliyoiandika jina la mwanawe;
ni ile nafasi baina ya mkono wa kreni na waya,
mita tatu ambazo ukizitazama huoni kitu,
na ndicho kitu nilichoajiriwa kukilinda.

Siruhusiwi kushika spana. Siruhusiwi kupokea simu.
Filimbi mdomoni, shingo juu,
tangu saa moja hapa Ganda, umande haujakauka,
na chumvi iliyopeperushwa kutoka Malindi
imeganda kwenye vikombe vya kauri,
vinanguruma chini chini
kama mtu anayesaga meno usingizini.
Waya uko hai. Hatukuuzima:
wodi ya wazazi inautaka, ghala la barafu linautaka,
na fundi wa sokoni ana sare arubaini za shule.

Mlango wa watu hupigwa hodi kizingitini.
Huyu hodi yake hupigwa mbali,
na kheri asikuitikie.
Tena hangoji umguse. Hilo wapita njia hawalijui.
Ukimsogelea mno, huruka mwenyewe
kukulaki.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.
Sisi fimbo ya mbali ndiyo itulishayo:
ndefu, kavu, imefutwa kwa kitambaa kisichofuta kingine,
na Chengo huishika nyuma ya alama nyekundu
hata jasho likimwingia machoni.

Mwaringa alikuwa na haraka.
Glavu zake zingali stoo, kwenye msumari wake.
Hakuna aliyesema zisiguswe.

Saa tano na robo mguu mmoja wa lori
ukazama mchangani, pale mvua ya jana ilipolala.
Ukazama kiasi cha kidole.
Lakini kidole cha chini, kule juu ni dhiraa:
mkono wa kreni ukainama
kama anayetaka kunong'onezwa.
Nikapuliza.
Nikapuliza hata mbuzi wakatawanyika,
hata muuza mihogo akaangusha upawa mafutani.

Kila kitu kikasimama.
Chengo akanitazama kwa hasira,
kisha akautazama waya,
kisha hakunitazama tena mpaka jioni.
Kahindi akaleta mbao, tukauinua mguu, tukapima upya.

Kitabuni, penye Tukio, nimeandika: Hakuna.
Kalamu ilisita hapo. Sijui kwa nini
neno jepesi namna ile lilinichosha mkono.

Nyumbani mama anakuna nazi, hageuki.
"Umeshinda ukifanya nini leo, Nyevu?"
"Nikilinda hewa."
"Na imebaki?"
"Imebaki, mama. Mita tatu."
Akacheka, akanisogezea kigoda karibu naye,
karibu kabisa,
nami nikajikuta, kabla ya kukaa,
naukadiria mwanya kwa jicho.