Koti la Mzee Wamimbi

Safu ya tatu, kiti cha pembeni,
baba amekaa kama aliyekuja kudai deni.
Mvua inashuka kutoka Wanale
na kuyapiga mabati ya ukumbi wa Mbale.
Mimi niko nyuma ya pazia, nina kurunzi na daftari;
kazi yangu kumnong'oneza anayesahau.

Hakuambiwa ni mchezo.
Aliambiwa tu: Gidudu yumo, njoo.
Akadhani ni mahafali.
Akavaa tai.

Taa zilipowaka akalitambua koti,
lile la kahawia, la kwendea ushirika siku ya malipo ya kahawa,
lililotoweka kabatini tangu Jumanne,
ambalo mama aliapa kwa marehemu wote hajaliona.
Sasa limesimama jukwaani.
Lina mabega ya kaka yangu,
lina kikohozi cha baba,
linavuta kiti kwa mguu vilevile,
linasugua paji la uso kabla ya kukataa.

Watu wakacheka.
Mama Nambozo, jirani yetu, akageuka kumtazama baba,
akageuka tena upesi, kama aliyegusa sufuria ya moto.

Kituyi, fundi baiskeli, ndiye mwana wa mchezo.
Akapiga magoti, akasema maneno
ambayo nyumbani kwetu hayajawahi kutamkwa,
yamelala tu chini ya godoro la Gidudu pamoja na ada ya muhula:
"Baba, sitaweza kuhesabu vidonge vya watu
maisha yangu yote."

Koti likafungua mdomo.
Mdomo ukakauka.

Huyu aliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa,
unga usoni, umati ukimkodolea,
mwaka ule baba alipochinja fahali wawili
na kucheza ngoma hadi kiatu kikaachama,
sasa anatetemeka mbele ya kimya.
Nikanong'ona: "Niliuza shamba..."
Mvua ikalila neno.
Nikanong'ona tena.
Ikalila tena.

Ndipo ikaja sauti kutoka safu ya tatu,
mwenyewe hakusimama, hata hakuipaza:
"Niliuza shamba la Bushika ili usiinamie jembe.
Wewe unataka kuinamia makofi."

Ukumbi ukalipuka.
Wakadhani imepangwa, wakamsifu mtunzi,
kijana mmoja akapiga mluzi.
Nikamulika daftari.
Sentensi ya kwanza imo, neno kwa neno.
Ya pili haimo.
Gidudu hakuiandika,
au hakuwahi kuisikia.

Akamwacha Kituyi magotini,
akaja hadi ukingo wa jukwaa,
akavua koti, mkono mmoja, kisha mwingine,
akalitundika taratibu kwenye kiti, mabega yakae sawa,
kama mama afanyavyo.
Hilo nalo halimo daftarini.
Sikujua la kufanya,
nikavuta kamba ya pazia.

Njiani hakuna aliyesema.
Nyumbani baba alisema kifungo cha tatu kimelegea.
Basi.

Jumapili wanarudia mchezo.
Koti limefungiwa sandukuni, ufunguo u shingoni mwake.
Lakini jana alfajiri nilimsikia bafuni
akikohoa,
akinyamaza,
kisha akikohoa tena polepole,
kama mtu anayejaribu
kujisikia anavyosikika.