Sahani ya Pili

Niliinunua Walukuba kwa mia tano
kutoka kwa Nangobi, muuza karanga,
aliyekuwa akiifunikia beseni nzi wasitue.
Aliifuta kwa upindo wa leso, akanionya:
“Hiyo haina wimbo. Mjomba aliijaribu.”

Mimi ni fundi redio. Sikujibu.

Usiku ule nilidhani ni mbovu.
Saksafoni ilianza kama mtu aliyeamshwa kwa teke,
ya pili ikaingia bila kupiga hodi,
na mpiga ngoma, Mungu amrehemu kama hayupo,
alikuwa akimwaga vijiko kwenye ngazi.
Nikazima. Nikapima mwendo: mizunguko thelathini na tatu, barabara.
Nikabadili mkanda. Nikatia mafuta tone moja,
kama watiavyo cherehani.
Nikaigeuza sindano chini ya taa: ncha nzima.
Nikarudisha.
Vijiko vilevile. Ngazi ileile.
Yapata saa nane za usiku ndipo nilipoelewa
kwamba watu hawa walikusudia.

Baba alikuwa koplo katika kambi ya Jinja.
Alitulea kwa Kiswahili
ambacho majirani wakikisikia walifunga milango,
na siku ya mshahara alitunga mashairi,
akigonga meza kwa kidole, nane na nane:

     Kila jambo na kipimo, kama nguo na mshono
     Asojua lake somo, huyumba kwenye maneno

Nilikua na kidole kile ndani ya fuvu.
Hata mvua juu ya bati niliihesabu.
Sasa yuko mtu, sijui jina lake
(jalada limeliwa na mchwa, imebaki tarakimu moja: 2),
anapuliza nane, anapuliza kumi na moja, tatu,
ananyamaza pale pale ambapo kina kingetua,
na kidole cha baba kinabaki hewani.

Ndivyo nilivyoharibika.
Nyingine niliipata Bugembe chini ya mguu wa kabati,
mbili kwa dobi wa Iganga,
nne katika ghala la kiwanda cha nguo,
ambako mtu mwangalifu alikuwa ameziandika kwa chaki: MBOVU.
Nilijifunza kuuliza. Ukiuliza santuri, utaletewa rumba.
Uliza “ile mliyodhani imeharibika,”
mwenye nyumba atacheka, ataingia chumba cha nyuma,
atarudi na vumbi kwenye nyusi.
Kaltuma, mke wangu, huwaambia wageni
kwamba nyumba yetu ni hospitali
ya wagonjwa wasioumwa.

Ya kwanza anayo Wamimbi, mpima ardhi wa Mbale.
Lebo ileile ya buluu, samaki yuleyule asiye na jicho.
Hauzi. Anataka yangu.
Siuzi.
Miaka tisa tunajuliana hali kwa adabu,
kama wakwe waliodaiana mahari.

Jumapili iliyopita alinipigia.
“Sikiliza. Usiseme kitu.”
Akaiweka simu mbele ya spika.
Sauti ilikuwa nyembamba, ugomvi wa ng’ambo ya mto,
mikwaruzo, jogoo wa Wamimbi, kikohozi cha Wamimbi,
lakini nilimtambua yule wangu kabla hajapigwa teke,
bado amelala,
anavuta pumzi ndani ya shaba,
anatoa noti moja, halafu jirani yake,
polepole, naapa, kama mtu anayehesabu,
tano, sita,
saba

na salio la Wamimbi likaisha.

Kaltuma alinikuta uani,
simu ya moto sikioni, kidole kimoja juu.
“Nani?” akauliza.

Vocha ya mia tano ipo, duka liko hapo mbele.
Ni Alhamisi leo.
Bado sijaenda.