Mengineyo

Ajenda ya kwanza ilikuwa dua,
ya pili, wageni kutoka Mokowe kujitambulisha,
ya tatu, ya nne na ya tano zilikuwa picha za ukutani
zilizokataa kuonekana, maana jua la saa nne
lilikuwa limeshaingia darasani, Shela,
na kukaa mbele bila kutia saini.

Mimi ni karani. Naandika yaliyosemwa,
si yaliyonyamaziwa. Nina kalamu mbili,
nyeusi ya kuandikia na ya kijani ya kusahihishia,
na karatasi ya mahudhurio ambayo watu huijaza
jicho moja likiwa kwenye sinia la sambusa.

Bwana Nyiro wa mipango alitandaza ramani mezani,
akaigandamiza kwa chupa nne za maji, upepo usiichukue.
Miaka mitano, alisema. Hapa gati, hapa soko,
hapa zahanati itaongezwa vyumba.
Alisema vizuri, simlaumu.
"Uendelevu" alilitaja mara kumi na moja;
nilihesabu, kwa kuwa kila mara nililiandika
na kila mara nikaruka herufi.

Na hapa,
kidole kikasimama penye weupe mkubwa nyuma ya nyumba,
hapa ni ardhi tupu. Hapa tutaalika wawekezaji:
vyumba vya wageni, mabwawa ya kuogelea, ajira kwa vijana.
Vijana wakapiga makofi.
Nina mdogo wangu, Famau, mwaka wa tatu huu
cheti chake kiko ndani ya nailoni juu ya kabati.
Hata kalamu yangu ilitaka kupiga makofi.

Tulipofika Mengineyo watu walikuwa wakitafuta viatu.
Mengineyo ni ajenda yatima:
huachiwa mwisho, njaa ikiwa ndiyo mwenyekiti.

Bi Mwanajabu alikuja kuchukua sinia lake.
Akachungulia ramani.
"Weupe huu ni wa nini?"
Vilima vya mchanga, mama. Patupu.

Aliinua chupa moja; pembe ya ramani ikajikunja.
"Haya ni ya duka. Unga wa sambusa mulizokula
nimeukanda kwa mai ya kisima.
Na kisima nacho hunywa wapi?
Mtanga ule ndio tangi letu. Mvua hulala mule,
ikaamkia ndooni. Wekani nyumba juu yake,
na mabwawa, na vyoo,
kisha mwaka wa sita mje mupange mai."

Bwana Nyiro alifuta miwani.
Akakiri: idara ya maji ina ripoti yake,
ghorofa ya juu, jengo lile lile.
Hawajaisoma. Hawajaombwa kuisoma.

"Na kazi zetu?" kijana mmoja akauliza kutoka dirishani.
Bi Mwanajabu akamtazama kama mtu wa nyumbani.
"Hilo sijui, mwanangu. Mimi nimeulizwa weupe."

Niliandika: mchanga.
Nikafuta. Nikaandika alivyosema: mtanga.
Hapo si patupu. Hapo ni tangi.

Bwana Nyiro akaniazima kalamu ya kijani,
akauzungushia ule weupe mstari, mbele ya watu.
Wino ulikuwa ukikauka. Mstari ukatoka na mapengo,
penye mapengo akarudia, karatasi ikakwaruzika,
pengo moja likabaki, upande wa barabara.

Jioni Famau aliuliza kama kazi zimo kwenye mpango.
Zimo, nikamwambia, ukurasa wa nne.
Na maji yamo ukurasa wa tisa.
Akasema: basi zifungeni pamoja.

Nimekaa na kurasa hizo tangu magharibi.
Kumbukumbu zitathibitishwa mkutano ujao.
Stepla ninayo. Pini zake, ofisini,
zimekwisha tangu bajeti iliyopita.