Ndoo ya Pili

Barua mbili mezani, chumba cha kupanga Nkuhungu.
Mwanza wananipa laki mbili zaidi
na nyumba ya kampuni, Nyegezi.
Dodoma wananipa ahadi, na kiti kinachoyumba.

Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya umeme:
kodi, nauli, ada ya Nyamizi.
Samaki kule bei chee.
Namba zote zinateremkia ziwani.

Hapa upepo wa Agosti unagonga bati usiku kucha
kama mdai aliyeona taa inawaka,
na asubuhi vumbi limelala
hata ndani ya sukari.

"Wewe wa kukaa, au wa kupita?"
aliuliza Mama Chibago, mwenye nyumba,
akinipimia zabibu kwa kopo la maziwa.
Nikamwambia bado natafakari.
Akacheka. "Mpitaji ana ndoo moja.
Maji mtaa huu ni Jumanne na Ijumaa."

Leo Alhamisi. Nimetoka sokoni Majengo
na ndoo nyeupe ya mfuniko, lita ishirini.
Elfu saba; nimepunguziwa mia tano.

Barua ya Mwanza sijaijibu.
Nimeifunika ndoo nayo,
mfuniko nimeusahau dukani.