Mzabibu wa Ndelilio

Mwika, mwezi wa tatu, njia imelainika kama mtori,
na kaka yangu anashuka kwenye basi la Dodoma
na gunia bichi begani. Hasalimii.
"Msiliguse," anasema, "mna watu wamelala humo."
Tukachungulia: vijiti. Vijiti arobaini na kitu, havina hata jani,
kuni ambazo mama angezikataa.

Kihamba chetu ni robo tatu ya ekari.
Humo amelala babu, na bibi yake babu,
mna ndishi za kunywa na mishare ya kula,
magimbi kando ya mfongo,
ng'ombe asiyewahi kuona malisho
(majani humfuata yeye, kichwani mwa mtu, kutoka tambarare),
na mna mibuni ya baba, mia moja na kumi na miwili,
anayoihesabu kila Jumapili baada ya ibada
kama mtu anayepitisha ulimi kwenye meno yake.

Ndelilio aliomba ishirini.
Baba hakusema ndiyo. Hakusema hapana.
Alikwenda chama cha msingi kuulizia malipo ya pili
ya msimu wa juzi,
akarudi jioni, akatundika koti kwenye msumari, akasema:
"Panga liko nyuma ya mlango."

Mlima huu haujui zabibu.
Unajua kumnywesha aliyeomba na asiyeomba.
Ukungu ulishuka saa kumi, ukalala juu ya majani
hadi yakaota unga mweupe.
Ndelilio akanyunyiza dawa, akanyunyiza maziwa, akanyunyiza matusi.
Zamu yetu ya maji ni Jumanne, tangu alfajiri,
na kwa mara ya kwanza katika ukoo
nikaona mtu anaamka gizani kuziba mfongo
ili maji yasimfikie.
Kiwelu, ng'ambo ya masale, alicheka hadi akakohoa:
"Shemasi, hizo ni za Kanaani! Zipelekeni kwao."

Mwaka wa tatu: beseni moja.
Ndogo, nyeusi, zenye ukakasi wa kukunja shavu.

Mama ametusomesha watano kwa kata ya mbege.
Hana kipimo. Ana mkono
unaojua ndizi imeiva hadi wapi,
na pua inayojua ulezi umechipua usiku gani.
Alizikamua, akafunika mtungi kwa jani la mgomba,
akaliambia jani jambo ambalo hatukulisikia.
Siku ya tisa akaonja. Akafumba jicho moja.
"Si mbaya," alisema,
"kwa kitu ambacho hakijaamua.
Ila huwezi kuwaita watu kumi wakakizunguka.
Kinataka mtu mmoja, mwenye huzuni yake."

Desemba magari yakapanda, vumbi na vipaza sauti,
na shemeji kutoka Mbezi akaizungusha kwenye bilauri,
akanusa, akatazama dari, akasema, "Ina moshi kwa mbali."
Bila shaka ina moshi. Ilikaa jikoni.
Ndelilio alicheka peke yake, kisha akatoka nje
akakaa huko muda mrefu.
Baba alikunywa mbege.

Januari, nyumba zimefungwa tena,
nilimkuta mzee kwenye mistari,
goti moja chini, mkasi wa kahawa mkononi.
Alikata. Aliacha macho mawili, akakata.
Nikauliza amefundishwa na nani.
"Mti ni mti," alisema. Halafu, baada ya mistari miwili:
"Ila huu ni mbishi. Kama nani vile."

Kitawi kimoja kilikuwa kimevuka mpaka,
kimejisokota kwenye sale la Kiwelu.
Baba alikinasua polepole, kidole kwa kidole,
akakirudisha kwetu, akakifunga kwa ganda kavu la mgomba.
Akasimama. Akapangusa goti.
Kisha akainama tena, akalifungua lile fundo,
akakiacha kiende.